Mwalimu Jeconia Ondiek na Kinubi Kilichoachwa Kimekazwa

Mchungaji, wazee wa ukoo mliotoka Ugenya, majirani wa Kiplombe na Kapseret, walimu, wanafunzi, na ninyi mlioketi juani kwa sababu hema limejaa, mimi ni Paul Ouma, mtoto wa kaka yake marehemu, na familia imeniomba nisome maisha yake kabla mwili haujaondoka kesho kwenda nyumbani. Imeniomba niyasome yanayojulikana, na yasiyojulikana niyaache.

Mwalimu Jeconia Ondiek alizaliwa tarehe 9 Juni 1932 huko Ugenya, katika sehemu ambayo sasa ni Wilaya ya Siaya, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ouma na Mama Hulda, ambao wote wametangulia. Mzee Ouma alikuwa mpigaji wa nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, aliyealikwa kwenye matanga na arusi, na katika nyumba yake kulikuwa na desturi moja ambayo ni lazima niieleze mapema kwa sababu tutairudia: nyuzi za nyatiti hazikulegezwa wakati mwenyewe yu hai, na alipokufa, mkewe ndiye aliyezilegeza mbele ya watu. Mwaka wa 1942 Mzee Ouma alichukuliwa vitani, akapelekwa hadi Burma, na muda wote huo Mama Hulda hakumruhusu mtu kuigusa nyatiti iliyoning'inia ukutani, hata shemeji zake walipomwambia aanze kuvaa nguo za ujane. Mzee alirudi mwaka wa 1946, akaishusha, akakaza uzi mmoja uliokuwa umelegea wenyewe, akapiga, na Jeconia, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, alikuwa mlangoni akitazama.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni huko huko Ugenya, akafaulu mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1950, kisha akaingia chuo cha ualimu alikohitimu mwezi wa Desemba 1953. Chuoni alifundishwa kupiga kinanda cha kanisa na kusoma muziki ulioandikwa, na ndiko alikoanza ile tabia ambayo wote waliomjua wanaikumbuka, ya kushika chombo chochote cha muziki na kukigeuza juu chini kabla ya kukipiga, ili aone nyuzi zimefungwa wapi.

Tarehe 17 Desemba 1955 alifunga ndoa kanisani na Leonida, ambaye ndiye mjane wetu leo, na kwa miaka minne ya kwanza Mama Leonida aliishi katika boma la mkwewe, akipika jiko moja na Mama Hulda na kufundishwa desturi za nyumba ile, pamoja na ile ya nyuzi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Maximilla, aliyezaliwa mwaka wa 1957 na ambaye ni muuguzi Kisumu, mvulana aliyefariki akiwa mchanga mwaka wa 1961 na kuzikwa Uganda, na Rosebella, aliyezaliwa mwaka wa 1963. Marehemu ameacha pia wajukuu watano.

Mwaka wa 1959 Mwalimu alikwenda Uganda, akafundisha katika shule moja karibu na Nebbi, kwa Waalur, ambao lugha yao haikumsumbua kwa kuwa iko karibu na Kijaluo. Huko alikutana na chombo kinachoitwa adungu, kinubi cha Waalur, akakaa chini na mafundi wake kila likizo hadi alipoweza kukichonga mwenyewe. Aliporudi Kenya mwaka wa 1970, wakati Wakenya wengi walipoondolewa kazini kule, hakubeba mali nyingi, lakini alibeba adungu moja iliyofungwa kwa blanketi, na mwezi wa Januari 1971 akaajiriwa kufundisha muziki na Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Eldoret, akanunua ploti hii ya Kiplombe tulipoketi.

Wengi mlio hapa mliketi katika darasa lake, na mnajua kwamba kila mwaka alianza na swali lile lile, kwamba kinubi ni nini. Alijua kwamba watu wengi, na hata Biblia, huita vyombo vingi kwa jina hilo moja, wala hakugombana na Biblia, lakini darasani alitaka mtoto aangalie nyuzi zinakwenda wapi. Katika nyatiti, na katika ndugu zake kama litungu ya Wabukusu na chepkong'o ya Wakalenjin, mikono miwili hutoka kwenye bakuli na kushika mti wa juu, nyuzi hulala sambamba na ngozi, hupita juu ya daraja dogo, na mvuto wake hubebwa na mbao, huku daraja likiikandamiza ngozi kuelekea chini. Katika kinubi hakuna daraja wala mikono miwili, kuna shingo moja, na kila uzi hupanda kutoka kwenye ngozi yenyewe kwenda shingoni, kwa hiyo ngozi huvutwa juu mchana na usiku, kila nyuzi zinapokuwa zimekazwa. Hiyo, alisema, ndiyo tofauti, na mengine yote hufuata.

Akishamaliza hilo aligawa vinubi kwa shingo zao. Kuna vile vya upinde, ambavyo shingo yake hupinda na kuendelea na bakuli kama mstari mmoja, kuna vile vya kona, ambavyo shingo na sanduku ni vipande viwili vinavyokutana kama kiwiko, na kuna vile vya Ulaya, vilivyoongezewa nguzo mbele ili pembetatu ifungike na nyuzi nyingi zikazwe bila shingo kukunjika. Vya huku kwetu Afrika ya Mashariki na Kati ni vya upinde, havina nguzo, na hivyo navyo aliviainisha kwa namna shingo inavyokaa: iliyolala ndani ya bakuli kama mwiko ndani ya sufuria, iliyochomekwa mwishoni kama kizibo kwenye kibuyu, na iliyoegemezwa juu ya kipande cha mbao. Mwanafunzi mmoja alipomwuliza kuhusu chombo fulani cha Afrika ya Magharibi ambacho kina daraja na bado nyuzi zake husimama wima juu ya ngozi, alijibu, "Hicho sijakishika. Nikikishika nitakwambia."

Kwa sababu kinubi cha upinde hakina nguzo, Mwalimu alilegeza nyuzi za chake, ile adungu ya Uganda, kila jioni na kuzikaza tena alipotaka kupiga, na alifanya hivyo mwenyewe, hakumwachia mtu. Ngozi ya kwanza ilipochakaa, alipewa nyingine na rafiki yake Mzee Kipyego wa Kapseret, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye binti yake Chepkorir alikuwa akija hapa kila Jumamosi kujifunza kupiga. Mzee Kipyego alizoea kumwambia kwamba Mjaluo amekuja kwa Wanandi kuchukua ngozi bila maziwa, na Mwalimu alizoea kumjibu, "Mzee, maziwa yako yana maji. Ngozi ndiyo haina."

Sasa nafika mwaka wa 1987. Tarehe 18 Julai, siku ya Jumamosi, kulikuwa na mashindano ya muziki hapa mjini, na Mwalimu alikuwa mwamuzi. Kulikuwa na shindano la vinubi vya shingo asubuhi na shindano la nyatiti na jamii yake mchana. Kikundi cha vijana wa tawi la chama kilipanda jukwaani asubuhi, katika shindano la vinubi, kikiwa na nyatiti, kwa sababu mwenyekiti wa tawi alitaka kurudi mchana ule katika mkutano wake na zawadi tayari mkononi. Mwalimu aliwaomba vijana hao wasubiri mchana, akawaambia kwamba wanapiga vizuri na hadhani kuna wa kuwashinda. Mwenyekiti alisimama kutoka kiti cha mbele, na maneno yaliyosemwa yalisikika na ukumbi mzima, kwa hiyo nayasoma kama yalivyokuwa.

"Mwalimu, kwani hii si kinubi? Iko na nyuzi, inalia."

"Bwana Mwenyekiti, hata mlango wa nyumba yangu unalia."

Watu walicheka. Mwalimu alikuwa mtu wa mzaha darasani, na nadhani alisahau kwamba hakuwa darasani. Alipanda jukwaani, akaiomba ile nyatiti, akapitisha kidole chini ya nyuzi kuonyesha zilivyolala, akasema, "Hii baba yangu ameipiga mpaka kufa. Nikiipa jina la kitu kingine nitakuwa nimemkosea." Mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Haya. Umesema chombo ya chama si chombo. Tumesikia," akatoka nje na vijana wake, na mchana hawakurudi. Zawadi ya vinubi ilikwenda kwa Chepkorir.

Tarehe 30 Julai 1987, siku ya Alhamisi, watu wanne waliovaa kiraia walifika shuleni kwa Land Rover, wakaingia chumba cha walimu, wakaondoka naye. Alimwambia mwenzake wa meza ya pili, "Mwambie Leonida nitachelewa." Mama Leonida alianza kuuliza siku hiyo hiyo, na katika kila ofisi aliyokwenda aliambiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo, na alipouliza kama basi anaweza kwenda kutafuta mahali pengine, aliambiwa kwamba hilo pia hawawezi kumshauri. Familia haijawahi kuambiwa alikuwa wapi.

Alipochukuliwa ilikuwa asubuhi, na alikuwa ametoka kumwonyesha mgeni mmoja namna kinubi kinavyolia kabla ya kwenda kazini. Kiliachwa kwenye msumari wake pale sebuleni, nyuzi nane zote zikiwa zimekazwa.

Jumamosi iliyofuata Chepkorir alikuja kama kawaida, akakiona, akamwambia Mama Leonida, "Mama, nyuzi zinavuta. Mwalimu hulegeza kila jioni." Naye akamwuliza, "Ukizilegeza, utakuwa umesema nini katika hii nyumba?" Msichana akasema hajasema kitu, ni ngozi tu. Mama akamwambia, "Basi iache hiyo ngozi." Alifanya kama alivyosimuliwa kwamba mkwewe alifanya wakati wa vita, na katika simulizi hiyo mkwewe hakukosea, kwa kuwa Mzee Ouma alirudi.

Mwezi wa Novemba Mzee Kipyego alikuja mwenyewe. Mvua ilikuwa imekwisha, upepo mkavu umeanza, na nyuzi zile zilikuwa za nailoni ya kuvulia samaki, ambayo hailegei yenyewe kama mishipa ya ng'ombe iliyokuwa kwenye nyatiti ya Mzee Ouma. Alikitazama kinubi, akasema, "Mama Maximilla, hii ngozi imetoka kwa ng'ombe yangu, ninaijua. Kiangazi ikiingia itapasuka." Mama Leonida alimwekea chai, akamjibu, "Mzee, huyo ng'ombe alishakufa. Mume wangu hajafa." Mzee Kipyego ameniambia wiki hii kwamba alikunywa chai yake na kwenda nyumbani, na hakulitaja jambo hilo tena.

Mwezi wa Desemba walikuja wazee wawili wa ukoo kutoka Ugenya, wakamwambia kwa upole kwamba miezi imekuwa mingi, kwamba watu waliochukuliwa namna ile wakati mwingine hawarudi hata mwili, na kwamba ingekuwa vizuri nyumba ijulikane imesimama wapi. Walimwonyesha kinubi kwa macho. Mama Leonida aliwapikia, akawatandikia, na asubuhi akawasindikiza hadi stendi, na nyuzi zikabaki zilivyokuwa.

Jumapili ya tarehe 17 Januari 1988, akiwa ametoka kanisani na akiwa bado hajavua kitambaa cha kichwa, alisikia mlio mmoja sebuleni. Ngozi ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye ufito wa chini ya ngozi ambamo nyuzi hufungwa hadi ukingoni mwa bakuli, na shingo ilikuwa imechomoka nusu kutoka mahali pake. Nyuzi tano zilikuwa zimelegea. Tatu, zilizokuwa upande ambao haukupasuka, zilikuwa bado zimekaza. Hakumwita mtu. Alikifunga kinubi ndani ya koti la mumewe, akakirudisha kwenye msumari, na kuanzia siku hiyo aliacha kwenda kuuliza maofisini, kwa sababu aliamini kwamba mumewe alikufa siku hiyo na kwamba yeye ndiye aliyekataa kulijua. Jambo hili amelisema kwa mara ya kwanza wiki hii, na ameniruhusu nilisome.

Tarehe 11 Machi 1988, mchana, Mwalimu Jeconia aliteremshwa kwenye gari kando ya barabara kuu pale Cheptiret. Mwenye hoteli moja alimpa chai na mandazi bila kumwuliza chochote, kisha akamtafutia lifti. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, na alikuwa akikohoa. Hakufunguliwa mashtaka, na aliporudi shuleni aliambiwa kwamba nafasi yake imejazwa. Kuhusu miezi ile aliniambia sentensi moja tu, kwamba waliuliza sana ni nani aliyemtuma aseme ile si kinubi, na kwamba hakuwa na jina la kuwapa.

Siku aliyorudi, Mama Leonida hakumkumbatia kwanza. Alishusha koti, akalifungua juu ya meza, akakaa chini. Mwalimu alikitazama kinubi, akakigeuza juu chini kama ilivyokuwa tabia yake, akauliza ni nani aliyemwambia asikilegeze. "Mama Hulda," akajibu Mama Leonida. Hapo Mwalimu alicheka hadi kikohozi kikamshika, na aliponyamaza akasema, "Mama alikuwa sawa. Lakini yeye alikuwa akilinda nyatiti. Ile ingeweza kungoja hata miaka kumi. Hiki hujila chenyewe." Mama Leonida alimwambia kwamba alidhani amemuua. Yeye akamwambia, "Huko nilikokuwa, nililala nikijua kuna mtu Kiplombe ambaye hajalegeza. Nilijua pia kinubi kimekwisha. Vyote viwili nilivijua."

Hakukubali kitengenezwe. Alisema kiachwe kilivyo, na zile nyuzi tatu zisiguswe, mpaka siku yake.

Miaka miwili iliyobaki hakupiga tena. Alikaa kwenye kiti hapo uani na kumwelekeza Chepkorir, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, naye akachonga kinubi kingine kwa mikono yake, kwa ngozi nyingine ya Mzee Kipyego, shingo ikiwa imelala kwenye bakuli kama mwiko. Kilikamilika mwezi wa Aprili 1989. Chepkorir alikipiga Jumamosi, na siku zote, ilipofika jioni, Mama Leonida ndiye aliyekishusha na kuzilegeza nyuzi, moja baada ya nyingine, Mwalimu akihesabu kwa sauti kutoka kitini na kumwambia haraka ya nini, hakuna gari linaloondoka.

Kikohozi hakikuisha. Mwezi wa Januari 1990 alilazwa hospitalini hapa Eldoret kwa ugonjwa wa kifua, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akalazwa tena tarehe 27 Aprili, na akafariki Jumamosi ya tarehe 12 Mei 1990, saa kumi alasiri, Mama Leonida na Maximilla wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliomtembelea wakati ambapo kumtembelea hakukuwa jambo jepesi, majirani wa Kiplombe waliopiga foleni ya maji kwa ajili ya matanga haya, Mzee Kipyego na nyumba yake, mwenye hoteli wa Cheptiret ambaye amekuja na hajataka jina lake lisomwe, na wanafunzi waliobeba viti. Aliyekuwa mwenyekiti wa tawi amefika pia, amepewa kiti safu ya pili, na familia imesema apewe chakula kama wengine.

Safari ya Ugenya itaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mazishi ni Jumamosi tarehe 19 Mei. Kinubi kipya kinabaki kwa Chepkorir. Kile cha zamani kitazikwa naye, lakini hakiwezi kuingia kaburini kikiwa kimekazwa, na kwa hiyo, kabla ya sala ya mwisho, Mama Leonida ameomba aje hapa mbele.

Tafadhali mpisheni njia.

Wa kwanza umelegea. Wa pili. Chepkorir, mshikie Mama shingo ya kinubi, kigingi kimekwama. Wa tatu.

Mwalimu, hakuna tena kinachovuta. Pumzika kwa amani.